Surrey, Cotswolds, Shropshire au Yorkshire: uende wapi na baiskeli vijijini Uingereza

Box Hill, kilima kinachotajwa kuliko vyote na waendesha baiskeli wa London, kina mita 224 tu juu ya usawa wa bahari. Mimi nimekulia Lushoto. Barabara ya kutoka Mombo kuja kwetu inapanda karibu mita elfu moja, na malori ya mboga huipanda na kuishuka kila siku. Kwa hiyo niliposoma hizo mita 224 niliona hakuna cha kuogopa. Juma lililofuata, kwenye njia nyembamba ya msituni kilomita chache kutoka hapo, nilishuka kwenye baiskeli na kuisukuma kwa mkono.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza aende wapi namwambia neno moja: usichague njia kwa urefu wa kilima, chagua kwa umbo lake. Barabara ya Lushoto ilichongwa kwa kona ili gari lipande bila kuchoka. Njia nyingi za mashambani Uingereza ni za kale kuliko gari. Zimefuata nyayo za watu, za kondoo na za mikokoteni, na mwenye miguu hupenda mkato. Zinapanda kilima usoni, hazikizunguki. Halafu zinashuka, zinavuka kijito, zinapanda tena. Siku ya kilomita 60 inaweza kukupandisha mita 1,000 kwa vipande vya mita 80, 100, 150, na kila kipande unakianza misuli ikiwa imeshapoa kwenye mteremko.

Ninalinganisha sehemu nne ambazo nimezipanda zaidi ya mara moja: vilima vya Surrey kusini mwa London, Cotswolds upande wa magharibi ya kati, vilima vya Shropshire karibu na mpaka wa Wales, na mabonde ya Yorkshire kaskazini. Zote zina vijiji vya mawe na mashamba ya kijani, na kwenye picha unaweza kuzichanganya. Miguuni hazifanani hata kidogo.

Vilima vyenyewe

Tuanze na Surrey, maana ndiko wengi wanakoanzia. Zig Zag Road ya kupanda Box Hill si kipimo cha Surrey. Ina urefu wa kilomita 2.5 hivi na mwinuko wa wastani wa asilimia 5, yaani kwa kila mita 100 unazokwenda umepanda mita 5. Ina kona kubwa kama barabara ya milimani, na mtu mwenye pumzi ya kawaida anaifika juu akiwa anaongea. Ndiyo iliyotumika kwenye mbio za barabarani za Olimpiki ya 2012: wanaume waliizunguka mara 9, wanawake mara 2. Alexandre Vinokourov wa Kazakhstan akashinda ya wanaume, Marianne Vos wa Uholanzi akashinda ya wanawake. Kuipanda barabara ile ile kuna raha yake, sitamnyima mtu.

Lakini Surrey ya kweli iko kusini zaidi, kwenye vilima vya mawe ya mchanga: Leith Hill, Holmbury Hill na Pitch Hill. Leith Hill ina mita 294, ndiyo juu kabisa katika jimbo hilo. Huko njia zimezama chini kama mifereji. Karne nyingi za magurudumu na mvua zimekula udongo laini mpaka ukingo wa kila upande umekupita kichwa, mizizi ya miti inaning'inia hewani, na matawi yamefunga juu. Mchana wa jua unapita kwenye kiza cha kijani. Ni pazuri mno, na ni pagumu: lami ina mchanga na majani yaliyooza, huoni mbele, na mwinuko unakuja ghafla. Ukivuka bonde kurudi kwenye vilima vya chaki, upande ule wa Box Hill, White Down ya Abinger Hammer inafika asilimia 18. Njia za namna hiyo ziko nyingi, zimesongamana, na ndiyo maana Surrey inachosha kuliko ramani inavyosema.

Cotswolds ifikirie kama meza iliyoinuliwa upande mmoja. Ukingo wa magharibi umenyanyuka na kukatika ghafla juu ya uwanda wa mto Severn; sehemu ya juu kabisa, Cleeve Hill, ina mita 330. Kutoka ukingoni, ardhi inateremka polepole kuelekea mashariki. Kwa hiyo Cotswolds ina sura mbili, na aliyezurura upande wa mashariki tu atakwambia kote ni mawimbi mapole, naye atakuwa amesema kweli. Ugumu uko ukingoni. Ukishuka kutoka Snowshill mpaka Broadway utafurahi kilomita nne, kisha utakumbuka kwamba umeanguka chini ya meza na kituo cha treni kiko juu yake. Njia ya kurudi ninayoipendekeza ni kupitia Willersey na Weston-sub-Edge, kisha kupanda kilima cha Dover's Hill na kuingia Chipping Campden. Ni kikali lakini ni kifupi. Barabara kuu ya A44 inayopanda Fish Hill iachie magari. Hapo Dover's Hill ndipo Robert Dover alipoanzisha michezo yake mwanzoni mwa karne ya 17 na kuiita ya Olimpiki, miaka zaidi ya 200 kabla ya ile ya Athens ya 1896. Pumzika hapo juu, angalia uwanda ulikotoka.

Shropshire ni jambo jingine. Huko miamba ni ya kale sana na kila kilima kinasimama peke yake kikiwa na tabia yake. Long Mynd, chenye mita 516, ukikiona kutoka mashariki utadhani jahazi lililopinduliwa kwa matengenezo: refu, lenye mgongo bapa, mbavu zake zimechimbwa na vijito. Barabara inayokivuka inaitwa Burway upande wa Church Stretton. Kutoka mjini inaruka moja kwa moja kwenye asilimia 20, kisha inaambaa ubavuni, nyembamba ya gari moja, bonde likiwa wazi upande mmoja bila kizuizi chochote. Mimi siipandi, naishuka, tena polepole, mikono juu ya breki. Kondoo hulala barabarani kwa sababu lami ina joto. Ukitokea magharibi, kupitia Ratlinghope, kupanda ni kwa afadhali na kunatazama Wales nzima ikiwa nyuma yako.

Vilima vingine vya Shropshire, vile vya kati ya Clun na Bishop's Castle, havina jina kubwa. Vinapanda dakika kumi, vinashuka dakika tatu, na ndivyo siku inavyokwenda.

Yorkshire ndiyo pekee kati ya hizi nne yenye mipando mirefu. Mabonde ni mapana, barabara ya chini inafuata mto na ni karibu tambarare, kisha unapotaka kwenda bonde la pili unavuka mgongo mmoja mkubwa usio na mti. Buttertubs, kati ya Hawes na Muker, inafika mita 526. Ukianzia Hawes umepanda mita 280 hivi kwa mfululizo. Fleet Moss ina mita 589. Hizi ni namba za mlima, na kwa wale wanaopenda kupata mwendo wao na kuushika, Yorkshire ni rahisi kuliko Surrey, ingawa ramani inasema kinyume. Unapanda mara mbili au tatu kwa siku, basi. Katikati unapumzika bondeni.

Wapo wenzetu watakaoijua Buttertubs kwa sababu ya tarehe 5 Julai 2014, Tour de France ilipoanzia Leeds na siku ya kwanza ikapita hapo kwenda Harrogate. Bingwa mtetezi aliyepanga mstari wa kuanzia alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyefundwa baiskeli na David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu. Umati ulijaa kwenye mteremko ule mpaka barabara ikabaki uchochoro. Siku ya kawaida ya Jumanne utakutana na kondoo na upepo tu.

Ukimya

Hapa ndipo sehemu hizi zinapoachana kabisa, na hapa ndipo mimi nina upande.

Surrey haina ukimya Jumamosi wala Jumapili. Box Hill saa tatu asubuhi ni kama kituo cha mabasi: vikundi vya baiskeli, pikipiki, familia zenye mbwa. Vijiji kama Shere vina watalii na magari yaliyoegeshwa pande zote. Njia za msituni hazina magari mengi, lakini gari moja kwenye njia iliyozama chini ya ardhi linatosha, maana hamna pa kujibanza. Kumbuka kwamba nje ya miji, njia isiyo na alama nyingine ina kikomo cha maili 60 kwa saa, karibu kilomita 96, hata kama upana wake ni wa trekta moja. Madereva wengi wenyeji hawafiki huko. Baadhi hujaribu. Ukienda siku ya kazi Surrey inageuka mahali tofauti, na nasema bila kusita kwamba Jumatano ya Mei kwenye njia ya Coldharbour kwenda Holmbury St Mary ni miongoni mwa asubuhi nzuri nilizowahi kupata juu ya baiskeli.

Cotswolds msongamano wake uko kwenye nukta chache: Bibury, Bourton-on-the-Water, Broadway, Stow-on-the-Wold. Mabasi ya watalii huenda huko na hayatoki nje ya hapo. Kilomita mbili pembeni unabaki na mashamba. Hilo ndilo zuri la Cotswolds kwa mwenye baiskeli: unaweza kuchora njia inayovigusa vijiji vitatu maarufu kwa dakika kumi kumi, na muda wote uliobaki ukapita Naunton, Guiting Power na Snowshill kwa utulivu. Ukiwahi kabla ya saa nne asubuhi hata Lower Slaughter utaipata peke yako, na mto Eye ukitiririka kando ya nyumba. Jina hilo lisikutishe. Halihusiani na kuchinja, linahusishwa na neno la kale la mahali penye matope. Upper Slaughter, ya jirani, ni kati ya vijiji vichache sana vya Uingereza ambavyo wanaume wake wote walioenda vita zote mbili za dunia walirudi hai. Vijiji karibu vyote utakavyopita vina mnara wa mawe wenye majina ya waliokufa vitani. Ukishaona minara hiyo siku nzima, kile kijiji kisicho na majina ya kuorodhesha kinakunyamazisha.

Yorkshire mabonde yana magari ya likizo wakati wa kiangazi, na pikipiki wanaipenda Buttertubs na barabara za Hawes kama tunavyozipenda sisi. Ukimya upo, lakini ni wa juu: ule wa uwanda usio na nyumba, ambako unasikia upepo na ndege wa nyika.

Na Shropshire? Shropshire iko kimya. Nimeendesha kutoka Clun hadi Wentnor Jumamosi ya Juni na magari yaliyonipita nikayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ua wa michongoma pande zote, maua ya porini hadi magotini, trekta moja ambalo dereva wake alizima injini ili nipite. Hakuna jiji kubwa karibu, hakuna barabara kubwa ya kasi inayolikata eneo, na watalii wengi hawajui hata jina lake. Kama neno lililokuleta hapa ni ukimya, huhitaji kusoma zaidi kuhusu sehemu hiyo.

Maji, chakula, na wenyeji

Ukimya una bei yake. Shropshire duka la kijiji linaweza kufungwa mchana, na baa ya kijiji isifunguliwe mpaka jioni. Nilijifunza hilo siku ya joto, chupa zote mbili zikiwa tupu, kijiji kikiwa na kanisa na nyumba nane. Kilichoniokoa ni bomba la kwenye uwanja wa kanisa, lile la kumwagilia maua ya makaburini. Waendesha baiskeli wa Uingereza wote wanalijua. Makanisa mengi ya vijijini yanalo, na ni desturi kuingia kwa heshima, kujaza chupa na kwenda zako. Soma tu kama kuna kibao kinachosema maji si ya kunywa. Nunua chakula Clun au Bishop's Castle na ukibebe mfukoni.

Ukipita Aston on Clun angalia mti mmoja wa poplar uliofungwa bendera. Kila mwaka mwishoni mwa Mei wanakijiji wanazibadilisha, na zinabaki hapo mpaka mwaka unaofuata. Kwa mtu aliyetoka kwenye jamii zinazoheshimu miti, ni mahali pa kusimamisha baiskeli.

Cotswolds huwezi kufa njaa. Chumba cha chai kiko kila kijiji chenye jina, skonzi kwa krimu na jamu, na bei zake ni za watalii. Surrey nayo imejaa migahawa iliyozoea watu wenye viatu vya kubana kwenye pedali. Hakuna atakayekutazama vibaya ukiingia na matope. Yorkshire ina migahawa mizuri Hawes, Reeth na Grassington, na Hawes ndiko inakotengenezwa jibini ya Wensleydale, lakini ukishaanza kupanda mgongo wa mlima hakuna kitu mpaka bonde la pili. Kote kote kumbuka saa za jikoni: baa nyingi za vijijini huacha kupika chakula cha mchana saa nane au saa nane na nusu. Ukifika saa tisa utapewa pakiti ya chipsi kavu.

Utaona pia meza ndogo mlangoni mwa shamba, zina mayai au jamu na kikopo cha sarafu, hakuna muuzaji. Weka pesa kamili. Na ukimkuta mtu juu ya farasi, punguza mwendo, msalimie kwa sauti kabla hujamfikia ili farasi asikie kwamba ni binadamu, kisha mpite kwa nafasi. Wenyeji wanalithamini hilo kuliko jambo lolote.

Kufika na kurudi

Kwa aliye London bila gari, Surrey haina mshindani. Treni ya Dorking haichukui hata saa moja, kutoka Waterloo au Victoria, na kutoka kituoni hadi chini ya Box Hill kuna njia ya baiskeli kando ya barabara kuu. Cotswolds ni saa moja na nusu na dakika chache kutoka Paddington hadi Moreton-in-Marsh, lakini kwenye treni hizo ndefu nafasi ya baiskeli lazima uiweke mapema pamoja na tiketi, na nafasi ni chache. Usiende kituoni Jumamosi ya kiangazi ukitegemea bahati. Epuka pia kurudi London asubuhi ya siku ya kazi. Treni nyingi za saa hizo hazipokei baiskeli isiyokunjwa.

Shropshire ina zawadi moja ambayo wengine hawana. Craven Arms na Church Stretton ziko kwenye reli moja, ile ya kati ya Hereford na Shrewsbury. Unashuka Craven Arms, unakwenda magharibi kupitia Clun na Bishop's Castle, unapinda kaskazini kupitia Wentnor, unavuka Long Mynd na kuangukia kituo cha Church Stretton. Ni kilomita 45 hadi 50, na hurudii njia hata mita moja. Kwa wanaokaa Birmingham au Manchester ni safari ya siku moja bila shida.

Yorkshire inataka mipango zaidi. Skipton iko robo tatu ya saa tu kutoka Leeds, na kutoka hapo unaweza kufuata mto Wharfe hadi Grassington na Kettlewell kwa siku ya upole. Lakini duara kubwa, lile la Hawes, Buttertubs, Muker, Reeth, Grinton na kurudi kupitia Castle Bolton na Askrigg, karibu kilomita 60, halianzii kwenye reli. Kituo cha karibu ni Garsdale, kilomita 10 hivi kutoka Hawes, kwenye reli ya Settle hadi Carlisle inayopita juu ya daraja la Ribblehead lenye matao 24. Safari ya treni yenyewe inastahili nauli. Mimi ningelala Hawes au Reeth usiku mmoja, maana duara hilo lina mengi ya kukusimamisha: mashimo ya chokaa kando ya barabara yaliyoipa Buttertubs jina lake, ambamo inasimuliwa wakulima walipoozea siagi wakienda sokoni, mashamba ya majani ya Muker yanayochanua Juni, kanisa la Grinton, ambako watu wa juu ya bonde la Swale walikuwa wakibeba maiti zao kwa miguu zaidi ya kilomita 19 kuja kuzika, kwa kuwa hakukuwa na makaburi ya karibu, na ngome ya Bolton, alikozuiliwa Malkia Mary wa Scotland mwaka 1568.

Wasomaji wa Kenya, Tanzania na Uganda mnaendesha kushoto tayari, kwa hiyo hamna la kujifunza. Wanaotoka Congo, Rwanda, Burundi au Oman wachukue tahadhari, si barabarani kwenye magari, maana huko magari yenyewe yatakukumbusha, bali kwenye njia tupu za vijijini baada ya kusimama kupiga picha. Hapo ndipo mkono wa mazoea unapokupeleka kulia.

Upepo, mvua na mwanga

Surrey na Cotswolds, hali mbaya ya hewa inakulowesha tu. Yorkshire inaweza kukurudisha nyumbani. Septemba 2019, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika huko, mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba waandaaji waliziondoa Buttertubs na Grinton Moor kwenye mbio za wanaume, mabingwa wale wote wakiwa tayari. Kama wao walizuiwa, na wewe uwe tayari kubaki bondeni. Upepo mara nyingi hutoka magharibi au kusini magharibi. Panga mgongo wa mlima ulio wazi uupande upepo ukiwa nyuma yako. Long Mynd nayo iko wazi kwa upepo wa magharibi, na ndiyo maana kuna klabu ya ndege zisizo na injini juu yake: upepo unagonga ubavu wa kilima na kuzinyanyua.

Juni jua linazama Yorkshire karibu saa nne kasoro robo usiku, una siku nzima mkononi. Desemba linazama saa kumi kasoro robo jioni. Njia zilizozama za Surrey msimu huo zina giza hata kabla ya hapo, na majani yenye maji ni utelezi. Kati ya Novemba na Februari naenda Cotswolds upande wa mashariki, au siendi.

Kuhusu baiskeli sina mengi. Gia ndogo: meno 34 mbele na 32 au 34 nyuma, bila kuona haya. Tairi la milimita 28 au 30. Breki zikaguliwe kabla ya Burway na kabla ya kushuka Buttertubs. Yale machuma yaliyolazwa barabarani kuzuia mifugo yavuke ukiwa umenyooka, usukani haujapinda, hasa yakiwa na maji.

Sasa uchague

Ukiwa na siku moja tu na uko London, nenda Dorking siku ya kazi. Panda Box Hill kwa heshima ya jina, kisha elekea Coldharbour, Holmbury St Mary, Peaslake na Shere, ambako ndiko kwenye utamu. Kama ni lazima iwe Jumapili, badilisha mpangilio, anza na upande wa Leith Hill na uache Box Hill kabisa.

Ukija na mwenza au rafiki asiyependa kuteseka, Cotswolds, tena ubaki upande wa mashariki wa ukingo: Moreton, Stow, the Slaughters, Naunton, Guiting Power, kisha urudi bila kushuka Broadway. Mtaona vijiji vyote vizuri na hakuna atakayenuna jioni. Duara kamili linaloshuka Broadway na kupanda Dover's Hill, kama kilomita 55, liache kwa siku ya pili.

Anayetaka mlima, anayetaka kusema amepanda kitu, aende Yorkshire kwa siku mbili au tatu kati ya Mei na Septemba, na awe na siku moja ya akiba kwa ajili ya mvua.

Nimeiacha Peak District, eneo la vilima kati ya Manchester na Sheffield, kwa sababu magari ya miji hiyo huijaza mwisho wa juma, ingawa kwa familia yenye watoto njia ya Tissington, reli ya zamani iliyogeuzwa ya baiskeli, kilomita 21 kutoka Ashbourne, ni bora kuliko chochote nilichokitaja hapa. Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini magharibi, nimeiacha kwa sababu barabara yake ya Hardknott, yenye asilimia 33, si njia ya kumpendekezea mtu nisiyemjua.

Mimi mwenyewe, nikipewa Jumamosi moja ya Juni na tiketi ya treni, nashuka Craven Arms. Nanunua mkate na jibini Clun, nala kwenye majani chini ya magofu ya ngome, najaza chupa mbili, na saa tisa alasiri niko juu ya Long Mynd. Treni ni nyingi kiasi kwamba sina haraka. Naishuka Burway nikiwa nimeshika breki, na kondoo wakiwa barabarani nasubiri wainuke wenyewe.